Mpwapwa, Bandari ya Nchi Kavu

Bandari haifanywi na bahari peke yake. Hufanywa na haja ya msafiri. Nahodha anayewazungusha wageni wake katika visiwa hutafuta mahali pa kutia nanga, kuteka maji, kununua chakula na kupumzika. Msafiri wa bara alitafuta mambo yayo hayo, ingawa chombo chake kilikuwa miguu ya watu, na mawimbi yake yalikuwa milima na nyika. Kwa maana hii Mpwapwa, mji ulio katika mkoa wa Dodoma, maili 200 na zaidi kutoka pwani, ulistahili kuitwa bandari katika karne ya 19. Historia yake ni historia ya wageni na wenyeji, na ya siku ambayo mgeni alikataa kuwa mgeni.

Kama majahazi yalivyongoja kaskazi na kusi, ndivyo misafara ilivyofuata masika na kiangazi. Wanyamwezi, ambao ndio waliokuwa wapagazi wengi wa njia hiyo, walikuwa wakulima kabla ya kuwa wachukuzi. Walipokwisha vuna walishuka pwani na pembe za ndovu, na aghalabu walitaka kurejea makwao kabla ya mvua za kupandia. Tajiri wa Bagamoyo au Unguja aliyechelewa kufunga mizigo yake aliweza kukosa watu wa kuichukua, hata kama fedha alikuwa nayo. Jembe la Unyamwezi lilitawala biashara ya pwani kama upepo unavyotawala tanga.

Mpwapwa ilipata cheo chake kwa sababu ya mahali ilipo. Upande wa mashariki ilikuwako milima ya Usagara, ambayo msafara kutoka pwani ulikwisha ivuka kwa taabu. Upande wa magharibi, kupita Chunyu, ambayo jina lake lenyewe ladokeza chumvi ya maji yake, ilianza nyika ya Marenga Mkali, mwendo wa maili 30 hivi bila ya maji ya kutegemea. Baina ya taabu mbili hizi palikuwa na kijito kitokacho milimani, nafaka, ng'ombe, mbuzi na kivuli. Hapo mizigo ilishushwa, vibanda vikajengwa, wagonjwa wakauguzwa, na nguo zikabadilishwa kwa chakula. Siku ya kuondoka vibuyu vilijazwa maji, na msafara ukafanya telekeza: uliondoka adhuhuri, ukaenda mpaka usiku, ukalala bila ya maji, kisha ukaamka alfajiri na kushika njia mpaka visima vya Ugogo. Aliyeyadharau mapumziko ya Mpwapwa aliyalipia nyikani.

Vitabu vya Ulaya huziita safari hizi kwa majina ya mabwana waliozigharimia. Henry Morton Stanley alipita hapa mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone, akamwacha mwenzake mgonjwa, William Farquhar, ambaye hakutoka tena Mpwapwa akiwa hai. Lakini msafara haukuwa bwana wake. Mbele alikwenda kirangozi na bendera. Nyuma yake walifuata wapagazi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Mpagazi alipatana ujira, alidai posho, na alipodhulumiwa aliweza kuutua mzigo na kutoweka usiku. Na katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo, ambao hawakupatana lolote na yeyote. Kwao kituo cha Mpwapwa kilikuwa kivuli cha saa chache, wala hakikuwa mapumziko. Sifa ya bandari haitimii bila ya kutajwa aibu yake.

Baada ya Marenga Mkali msafiri aliingia katika nchi ya hongo. Watemi wa Ugogo walitoza nguo za merikani na kaniki, shanga na masango, na msafara haukuruhusiwa kupita mpaka mapatano yaishe. Wasafiri wa Ulaya waliandika kwamba huo ulikuwa unyang'anyi. Ni kweli kwamba watemi wengine waliwachelewesha wageni siku nyingi na kuzidisha madai yao. Walakini maji ya Ugogo wakati wa kiangazi hayakuwa zawadi ya mbingu. Yalikuwa visima vilivyochimbwa kwa mikono na mabwawa yaliyolindwa kwa ajili ya watu na mifugo yao, na msafara wa mamia ya watu uliweza kulikausha bwawa kwa siku chache. Hongo ilikuwa bei ya maji na ya amani. Mfanyabiashara wa pwani alinung'unika, lakini alilipa, kwa kuwa alijua kwamba kiangazi cha mwaka wa pili atapita tena hapo hapo. Anayetumaini kurudi hujifunza adabu.

Adabu hiyo ilivunjwa na mgeni wa namna nyingine. Wamisionari Waingereza wa Church Missionary Society walifanya makao Mpwapwa mwaka 1878, na baada yao Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki iliweka kituo chake. Mwaka 1889 Bushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, alikishambulia kituo hicho na kukiharibu. Katika Oktoba ya mwaka huo Hermann Wissmann alifika na askari, akajenga boma. Mwezi uliofuata Stanley alipita tena, safari hii pamoja na Emin Pasha, akakuta bendera ya Ujerumani inapepea. Mwaka 1890 Carl Peters alivuka Ugogo akikataa hongo kwa bunduki, akachoma vijiji na kupora ng'ombe, kisha akapumzika Mpwapwa. Mgeni asiyelipia maji si mgeni tena; amekwisha jifanya mwenye kisima.

Aliyejifanya mwenye kisima hakukawia kuiacha njia yenyewe. Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo ilipita kusini ya mji, kwenye stesheni ya Gulwe. Gari la moshi halikuogopa Marenga Mkali, wala halikungoja mavuno ya Unyamwezi. Bandari ikabaki bila ya vyombo. Mpwapwa ikatafuta kazi nyingine: ikawa mji wa chuo cha ualimu na wa utafiti wa mifugo, na jina lake likapewa aina ya ng'ombe waliokuzwa huko.

Mabwana wa misafara wamepewa kurasa nyingi. Wapagazi waliowachukulia mizigo na wenyeji waliowapa maji wamepewa chache. Hata hivyo maboma yamepitwa na wakati, na kijito kingali kinashuka milimani. Mwanafunzi wa historia aanzie hapo, kwenye maji, aulize nani aliyateka, nani aliyalipia, na nani aliyanywa bila ya kushukuru.