Boriti Iliyo Mbinguni

Wako wanaodhani kwamba kuchunguza nyota ni kutoa kiti uani, kuinua darubini na kungoja bahati. Leo tumtazame mtu ambaye hakungoja bahati.

Mwezi Novemba 1833, Mwingereza John Herschel alipanda meli pamoja na mkewe na watoto, kwa gharama zake mwenyewe, akaelekea Rasi ya Tumaini Jema. Baba yake, William, alikuwa amekwisha kuorodhesha mawingu hafifu yaonekanayo katika anga la Uingereza. Ya kusini yalibaki. Baadhi hayachomozi kabisa huko kwao, na mengine hupita chini mno, yakamezwa na ukungu.

Herschel alisimamisha darubini yake, yenye urefu wa mita 6 hivi, mahali paitwapo Feldhausen, karibu na Cape Town. Mpango ulikuwa huu: katika usiku usio na mbalamwezi, darubini ielekezwe kwenye mstari wa kaskazini na kusini, kisha anga lenyewe lipite mbele yake, ukanda baada ya ukanda. Kila kilichopita kiliandikiwa saa na mahali pake. Alijua pia kwamba kioo cha darubini hufifia, hivyo alibeba vioo vitatu na vifaa vya kuving'arisha. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka minne.

Mwaka 1835, katika kundi la nyota liitwalo Eridanus, alikiona kiwingu kimoja, akakiandika. Hakujua kwamba ile ni galaksi nzima, iliyo mbali nasi kwa zaidi ya miaka ya nuru milioni 60. Lakini mahali pake palijulikana, na katika orodha kuu ya mwaka 1888 kikapewa namba: NGC 1300.

Waliofuata walirudi na kamera. Picha zilionyesha kuwa baadhi ya galaksi zina nyota zilizojipanga katikati kama boriti, na kutoka ncha zake mikono miwili hujipinda. Mwaka 1918 Mmarekani Heber Curtis alizieleza galaksi za namna hiyo, na mwaka 1926 Edwin Hubble akazipa daraja lake. NGC 1300 leo ni mfano wake maarufu.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Ni katika miaka ya 1990 ulipopatikana ushahidi mzito kwamba galaksi yetu wenyewe, Njia ya Maziwa, nayo ina boriti!

Mwezi Desemba, usiku, NGC 1300 hupita juu sana hapa kwetu Afrika Mashariki, ingawa kwa macho matupu haionekani. Mwenye darubini nzuri na achague usiku wa giza, aijue saa yake, aende mbali na taa za mji, na asisahau daftari. Herschel angekiona kile kiwingu bila kukiandika, nani angejua pa kurudi?