Kusafisha Picha Gizani, na Ukumbusho wa Wazee Wetu

Kila jubilii ikaribiapo, masanduku hufunguliwa. Hutolewa picha za kale, nyeusi na nyeupe: waimbaji waliojipanga mbele ya kanisa, walimu na wanafunzi wao, mafundi kando ya ukuta usiokwisha. Nyingine zingali safi kama zilizotoka jana. Nyingine zimegeuka manjano hata uso hautambulikani. Watu husema, "Ni uzee tu." Lakini mara nyingi sivyo. Tofauti hiyo ilianza siku picha zilipotengenezwa, ndani ya chumba cha giza, nayo ilitokana na maji. Basi yafaa tujue habari ya kazi hii.

Mwaka 1839 ulimwengu ulitangaziwa njia mbili za kunasa sura kwa nuru. Daguerre wa Ufaransa alifanya picha moja tu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Talbot wa Uingereza alitumia karatasi, akapata picha ya kinyume, ambayo cheupe huonekana cheusi; na kwa hiyo moja aliweza kuchapa nyingi. Mwaka ule ule John Herschel aliwaonyesha wenziwe dawa iitwayo haipo, iondoayo chumvi ya fedha isiyoguswa na nuru, ili picha isizidi kuwa nyeusi mwangani.

Kazi hii haikukawia kufika pwani yetu. Mwaka 1860 James Grant, mwenzi wa Speke, alipiga picha mjini Unguja. Siku zile kioo kilipakwa dawa, kikatiwa katika kamera kingali majimaji, kikasafishwa kabla hakijakauka. Kwa hiyo mpiga picha alichukua chumba chake cha giza safarini. Walipoingia bara, Grant alifanya kazi katika hema dogo lenye joto kali, hata Speke akaandika ya kuwa lingalimwua upesi. Kamera ikarudishwa Unguja, naye Grant akachora kwa mkono.

Mwaka 1871 Maddox, tabibu wa Kiingereza, alieleza habari ya kioo kikavu chenye jelatini, na mwaka 1888 Eastman wa Marekani akaanza kuuza kamera ya Kodak yenye filamu ya kukunjwa. Mzigo ukapungua. Huko Unguja wakawako wapiga picha wenye maduka, kama Gomes, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Kwetu reli iliyoanzwa Tanga mwaka 1893 ilipita Mnyuzi, ikafika Korogwe mwaka 1902. Tangu hapo sanduku la vioo na dawa liliweza kuja kwa gari la moshi, wala si kichwani mwa mpagazi.

Na nyumbani pasipo umeme kazi yafanyikaje? Madirisha huzibwa kwa mablanketi, na taa hufunikwa kioo chekundu, kwa maana karatasi haiathiriki na nuru nyekundu. Picha ya kinyume hulazwa juu ya karatasi chini ya kioo, kisha huangaziwa taa nyeupe kwa kitambo. Karatasi bado ni nyeupe tupu. Huzamishwa katika dawa ya kwanza, na kidogo kidogo macho, paji la uso na kanzu hutokea, weusi wote ukiwa ni chembe za fedha. Kisha hutiwa katika maji yenye siki kidogo, kisha katika haipo, kisha huoshwa.

Katika nchi ya joto kama bonde letu la Mnyuzi, kazi ina shida yake. Dawa zataka baridi ya kadiri ya digrii 20, na jelatini huvimba na kubanduka katika maji ya moto. Basi fundi hungoja usiku wa manane au alfajiri, hupoza maji katika mtungi, huyachuja kwa kitambaa mchanga usikwaruze nyuso.

Hapo ndipo penye siri ya manjano. Haipo isiyooshwa sawasawa hukaa ndani ya karatasi ikiila fedha polepole. Kosa hilo halionekani siku ile. Huonekana baada ya miaka, fundi na waliopigwa picha wakiwa wamekwisha kufa. Kuosha kwa saa nzima, na kubadili maji mara nyingi, ni taabu kwa achotaye kisimani. Mwenye kuchota hatumwoni katika picha, walakini kwa mikono yake tunawaona wazee wetu.

Misheni ya UMCA ilianza kutoa gazeti lake, Central Africa, mwaka 1883, na picha zake nyingi zimehifadhiwa Oxford, Uingereza. Zilizo kwetu hazina mlinzi ila sisi. Unyevu huzitia ukungu, na mchwa hawachagui. Tena picha safi isiyo na majina ni bubu: leo bibi mmoja aweza kusema, "Huyu ni fulani," na kesho hayupo.

Kwa hiyo, walimu na ndugu wa mitaa yote, kabla sherehe haijaisha ketini na wazee. Andikeni nyuma ya kila picha, kwa penseli na kwa mkono mwepesi, majina, mahali na mwaka. Zifungeni katika karatasi safi, ziwekwe pakavu. Picha za kinyume msizitupe, kwani katika hizo nyuso zaweza kuchapwa tena.