Malale, mbung'o na jeni moja: historia ya kwetu Buha

Nimekuwa kimya kidogo, si mnajua mambo ya majaribio ya wiki ya nane. Leo naandika kitu kirefu, mwenye haraka apite tu.

Ukisoma somo la jeni na magonjwa, mfano unaotolewa ni uleule toka kidato cha sita: selimundu na malaria. Sina ugomvi nao. Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, mwaka 1949 aliona kwamba jeni ya selimundu imejaa kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, na ni chache kwa watu wa nyanda za juu kusiko na mbu wengi. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wake: mwenye nakala moja ya jeni ile ana kinga dhidi ya malaria kali, mwenye mbili anaumwa selimundu. Safi kabisa. Ila sisi watu wa Kibondo na Kasulu tuna mfano wetu, na kwa maoni yangu ni mtamu kuliko huo, maana ndani yake kuna mdudu, mnyama, mtu na serikali. Mfano wenyewe ni malale.

Kwetu wazee wakitaja malale hawaanzi na homa. Wanaanza na kuhamishwa. Mwaka 1933 serikali ya Mwingereza ilianza kuwahamisha Waha kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika katika miombo na kuwakusanya kwenye makazi maalumu ya malale. Wasioijua nchi yetu: Buha ina sehemu mbili. Juu kuna vilima vya nyasi na baridi, Heru Juu na Manyovu huko, ambako mbung'o hakai. Ukishuka kuelekea Malagarasi na Moyowosi unakuta miombo, joto, wanyama pori, na mbung'o aina ya morsitans anayekufuata kama deni. Watu waliishi kote kote chini ya watawala wao, Mwami wa Heru, wa Muhambwe, wa Buyungu na wengineo. Wa juu walifuga, wa porini walilima, walirina asali na kuwinda.

Amri ilipokuja, mtu aliacha shamba, migomba na makaburi ya baba zake. Nadharia ya serikali ilikuwa nyepesi: ukikusanya kaya nyingi mahali pamoja, mashamba yanagusana, kichaka kinafyekwa, mbung'o anakosa kivuli na anaondoka. Kitaalamu ni kweli, morsitans anahitaji miti. Lakini kukusanya watu kunarahisisha na mambo mengine, mojawapo kodi, na sidhani kama afisa wa wilaya alisahau hilo hata siku moja. Mwaka 1972 ilipokuja Operesheni Kigoma ya vijiji vya ujamaa, kuna wazee waliokuwa wanahamishwa kwa mara ya pili maishani mwao. Mara ya kwanza kwa jina la afya, mara ya pili kwa jina la maendeleo.

Kwa nini malale yalipamba moto miaka ile? Hapa waandishi wawili wanasaidia sana, John Ford (kitabu chake ni cha 1971) na Helge Kjekshus (1977). Hoja yao kwa kifupi ni kwamba watu wa zamani walikuwa wanaishi na mbung'o kwa kumbana: wanafyeka, wanachoma, wanafuga, wanawinda, na pori linabaki mbali. Ikaja sotoka kuanzia karibu 1890, ng'ombe wakafa Afrika Mashariki nzima. Ikafuata njaa, ndui, vita. Kwetu Wabelgiji waliingia Kigoma mwaka 1916 na kukaa hadi 1921. Halafu ikaja manamba, wanaume wa Kiha wakapelekwa mashamba ya mkonge huko Tanga na Morogoro. Nani abaki kufyeka? Kichaka kikarudi, mbung'o akarudi nacho. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema Waha walipata malale kwa kuwa walipenda kuishi porini, mwambie pori ndilo lililowafuata.

Sasa twende kwenye damu.

Mwaka 1895 David Bruce, akiwa Zululand, alionyesha kwamba ugonjwa wa nagana unaoua ng'ombe unaletwa na kimelea kinachoenezwa na mbung'o. Kimelea hicho leo kinaitwa Tripanosoma brusei. Ng'ombe anakufa, farasi anakufa, mbwa anakufa. Binadamu akiumwa na mbung'o huyohuyo, hapati kitu. Mwaka 1902 Mfaransa Alphonse Laveran aliona kwamba ukimdunga panya mgonjwa majimaji ya damu ya mtu, vimelea vinapungua au kuisha kabisa. Yaani damu ya mtu ina sumu ya nagana ndani yake! Halafu mwaka 1910 Stephens na Fantham wa Liverpool wakaeleza kimelea kingine, kutoka kwa mgonjwa aliyeambukizwa bonde la Luangwa, na hicho hakijali sumu hiyo hata kidogo. Wakakiita rodesiense. Mwaka 1922 kikazuka Maswa, na miaka ya 1930 ndicho kilichotuhamisha sisi.

Tatizo likawa hili: ukiviweka vimelea hivi viwili chini ya hadubini, kile cha ng'ombe na kile cha mtu, huwezi kuvitofautisha. Vinafanana kama mapacha. Je, ni kitu kimoja? Je, pongo wa Moyowosi anabeba kile kinachoua mtu au kile kisichomdhuru? Ukilijua jibu unajua kama ufukuze wanyama, uhamishe watu au uwaache walipo. Na kwa miaka mingi kulikuwa na njia moja tu ya uhakika ya kujua: kumwambukiza mtu, usubiri uone.

Ndiyo, mmesoma sawasawa. Kule Tinde, Shinyanga, kuanzia mwaka 1934, watafiti wa serikali walichukua kimelea cha mgonjwa na kukipitisha kwa mbung'o kutoka kondoo hadi kondoo, swala hadi swala, kwa miaka 18, na mara kwa mara wakawaachia mbung'o hao wawaume watu ili waone kama kimelea bado kinaweza kumwingia binadamu. Kiliweza. Ripoti zinawaita watu hao waliojitolea, na waliougua walitibiwa. Mimi neno kujitolea katika koloni ya mwaka 1934 nalisoma taratibu sana. Watafiti majina yao yapo kwenye majarida, Corson, Fairbairn, Burtt, Willett. Wenye miili yao tunasoma habari zao kama idadi. Na bado ni kazi hiyo iliyothibitisha kwamba kimelea cha malale kinaweza kukaa ndani ya wanyama miaka na miaka bila kumsahau mtu. Mwaka 1958 huko Kenya, karibu na Ziwa Victoria, ikathibitishwa tena kwa kimelea kilichotoka kwa pongo, na safari hiyo pia alidungwa mtu.

Jibu la kijenetiki lilichelewa mno. Mwaka 1998 watafiti waliokuwa na Etienne Pays huko Brussels walionyesha kwamba tofauti ya mapacha wale wawili ni jeni moja, inaitwa SRA. Ukiitia jeni hiyo ndani ya kimelea cha ng'ombe, kinaacha kuuawa na damu ya mtu. Jeni moja! Na haikushuka kutoka mbinguni. Tripanosoma ina mamia ya jeni za koti lake la nje, inabadilisha koti kila kinga ya mwili inapolizoea, ndiyo maana chanjo imeshindikana. SRA ni jeni ya koti iliyokatika: kipande kimepotea, protini ikatoka fupi, ikaacha kuwa koti ikawa ngao. Mabadiliko ya jenomu ya aina hii mengi huwa hasara kwa mwenyewe. Hili lilimfungulia kimelea mlango wa mtu. Tena tangu 1986 inajulikana kwamba vimelea hivi vinaweza kuchanganya jeni zao ndani ya mbung'o, kwa hiyo SRA inaweza kuhamia kwenye ukoo mwingine wa vimelea wakikutana huko.

Na ile sumu ya damu yetu ni nini? Mwaka 2003 kundi hilohilo likaitaja: protini inayoitwa APOL1, jeni yake iko kwenye kromosomu ya 22. Inasafiri pamoja na mafuta ya damu, yale ambayo hospitali wanayaita kolesteroli nzuri. Kimelea kinaimeza kikidhani ni chakula, inafika kwenye kifuko chake cha kumeng'enyea, inatoboa ukuta, maji yanaingia, kinavimba mpaka kinapasuka. Kimelea chenye SRA kinaikamata APOL1 kabla haijafanya kazi. Ushahidi mwingine ulitoka India: mkulima mmoja mwaka 2004 alipatikana na tripanosoma ya mifugo ambayo kwa kawaida haimpati mtu. Kupima wakakuta nakala zake zote mbili za jeni ya APOL1 zimeharibika.

Hapa Kigoma inaingia tena kwa mlango wa nyuma. Wote mnaijua Gombe, alikofika Jane Goodall mwaka 1960. Sokwe, ndugu yetu wa karibu kuliko wote, hana APOL1 inayofanya kazi, ameipoteza njiani. Nyani wanaotembea msitu huohuo wanayo, na ya kwao ni kali kuliko yetu, inaua hata rodesiense. SRA haiwezi kuikamata kwa sababu ncha ya protini ya nyani ina herufi tofauti kidogo. Yaani nyani anayetuibia mahindi ana dawa ya malale ndani ya damu!

Binadamu nao hawakukaa bure. Mwaka 2010 Giulio Genovese na wenzake walitangaza matoleo mawili ya APOL1 yaliyobadilika, wakayaita G1 na G2. Yote yamebadilika kwenye ncha ileile anayoikamata SRA. G2 imepoteza herufi mbili za protini, basi, na majimaji ya damu ya mwenye nayo yanaua rodesiense maabara. Baadaye tafiti za Uganda na Malawi zikakuta wenye G2 wanaugua malale haya kwa nadra kuliko wenzao. Lakini bei yake ipo, kama ilivyo kwa selimundu. Mwenye nakala mbili ana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo. Hivyo ndivyo jeni hii ilivyogunduliwa, madaktari walikuwa wanatafuta kwa nini Wamarekani weusi wanaharibikiwa figo mara nyingi kuliko weupe. Kiasi cha asilimia 13 yao wana nakala mbili za hatari. Walibeba kinga kutoka Afrika, wakafika mahali hakuna mbung'o, ikabaki bei tu.

Sasa ninyi wabishi mtaniuliza, na mna haki: rodesiense iko Afrika Mashariki, mbona G1 na G2 zimejaa Afrika Magharibi na kwetu ni adimu, hasa G1? Swali hilo wataalamu bado wanalivutana. Wapo wanaofikiri zamani vimelea kama hivi vilisambaa hadi magharibi. Wapo wanaotazama malale ya aina ya gambiense ya huko, maana nchini Guinea wenye G1 walionekana kubaki na vimelea bila kuugua, wakati G2 ilikwenda na ugonjwa. Kwa hiyo jeni ileile, aina tofauti ya malale, matokeo kinyume. Ndiyo maana napata kichefuchefu mtu anaposema kabila fulani lina jeni nzuri. Nzuri kwa nini, wapi, dhidi ya nani?

Narudi Buha. Wahamishwaji wa mwaka 1933 hawakuokolewa na jeni wala hawakuangushwa na jeni yao. Jeni iliyobadilika ilikuwa ya kimelea, lakini aliyekipa nafasi ya kuitumia ni kichaka kilichorudi baada ya sotoka, vita na manamba. Biolojia peke yake haiwezi kukuambia kwa nini 1933 na kwa nini Kibondo, na historia peke yake haiwezi kukuambia kwa nini ng'ombe wa jirani alikufa na mwenye ng'ombe akapona.

Siku hizi hakuna haja ya kumdunga mtu. Unachukua damu ya ng'ombe, ya pongo au hata mbung'o mwenyewe, unatafuta jeni ya SRA, unajua. Na dawa nazo zimebadilika. Kwa miaka mingi ilikuwa sindano ya suramini mapema, na kimelea kikishaingia kwenye ubongo, melasoprol yenye aseniki ndani yake, dawa iliyoweza kuua mgonjwa kiasi cha 1 kati ya 20. Baada ya majaribio Malawi na Uganda, mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliweka feksinidazoli kwenye mwongozo wake wa kutibu rodesiense, vidonge vya siku 10. Wagonjwa kwetu wamepungua sana, lakini pori lipo, pongo wapo, na warina asali bado wanaingia miombo kila msimu. Kama una ndugu anayekwenda huko, akirudi na homa na kauvimbe kabichi pale alipoumwa, mwambieni amtajie mganga neno mbung'o mapema, ili damu iangaliwe vimelea vyote, isiishie kwenye kipimo cha malaria.