Daftari-mahabusu, Si "Menejimenti ya Jela"

Waraka wa mafunzo ya TEHAMA umenifikia hapa Mpanda ukiwa na istilahi "mfumo wa menejimenti ya jela". Kamati iliyoipitisha nilikwishaipelekea pendekezo langu, daftari-mahabusu, na sikujibiwa hata kwa mstari mmoja. Nalitetea hapa hadharani.

Programu yenyewe inajulikana: inaweka kumbukumbu ya nani kakamatwa, lini, kwa tuhuma gani, na lini afikishwe mahakamani. Tatizo ni jina.

Jela tumelipata kwa Waingereza, waliolichukua kwa Wafaransa wa kale, na shina lake ni la Kilatini, caveola, yaani tundu dogo la kufungia wanyama. Kwa Mswahili wa leo jela ni adhabu: mtu "amekwenda jela miaka mitano". Gereza nalo, ambalo asili yake yatajwa kuwa neno la Kireno igreja, kanisa, limekwisha kuwa jina la taasisi. Mahabusu ni neno la namna nyingine. Mzizi wake wa Kiarabu, h-b-s, una maana ya kuzuia. Mzizi huohuo katika fikihi umezaa jina la mali ya wakfu, iliyozuiwa isiuzwe wala isirithiwe. Kinachosemwa ni kuzuiliwa tu; hukumu haimo. Ndivyo inavyotaka Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b): mshtakiwa asitendewe kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia. Anayeandika "jela" amekwisha kumhukumu.

Mtaalamu mmoja anadai kwamba mahabusu ni mtu na pia ni mahali, hivyo neno linachanganya. Sarufi inamjibu: "mahabusu wamefikishwa mahakamani", "mahabusu imejaa". Hata mtoto wa shule hapotei hapo.

Mwingine anasema daftari ni karatasi. Daftari lilianza kwa Wagiriki likiwa diphthera, ngozi iliyotengenezwa, likapita kwa Waajemi na Waarabu hadi kwetu. Neno lililohama kutoka ngozi kwenda karatasi litashindwaje kuhamia kwenye kompyuta? Tena limekwisha kuhamia. Mwaka 2015 Daftari la Kudumu la Wapiga Kura liliandikishwa kwa mashine za alama za vidole, na likabaki daftari. Hakuna aliyedai liitwe "mfumo wa menejimenti ya wapiga kura".

Kwa mantiki hiyohiyo, programu ya askari wa doria ni daftari-doria. Doria ni ndugu wa duara na duru, wote wa mzizi wa kuzunguka. "Ufuatiliaji wa mizunguko ya askari" ni maneno matano yanayofanya kazi ya moja.

Kwa matumizi: "Mtuhumiwa wa Karema aingizwe kwenye daftari-mahabusu saa 2:00 asubuhi", ili saa 24 za Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai zihesabiwe tangu alipowekwa kizuizini.

Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini, kwa hiyo istilahi mbovu sasa inaingia moja kwa moja kwenye majalada ya watu. Wakufunzi wa polisi na magereza, nanyi wahariri, andikeni daftari-mahabusu. Neno jela mwachieni hakimu, alitamke baada ya kusikiliza kesi.