Mluzi (wa injini)

mluzi *nm* [U-I], wingi miluzi. 1. Mlio mwembamba unaotolewa kwa kupuliza hewa katikati ya midomo; ubinja (wingi: mbinja). 2. Mlio wa namna hiyo utokao katika mtambo, hasa injini ya gari, hewa inapopenya mahali pembamba. Huandamana na kitenzi *piga*: *Injini inapiga mluzi.*

Maana ya pili imetokana na ya kwanza kwa njia iliyo wazi. Ufa mdogo katika mpira wa hewa hufanya kazi ileile ya midomo iliyobanwa. Kwa sababu hiyo tunashauri neno hili libaki kwa mlio wa hewa, lisigeuzwe kuwa jina la kila sauti kali inayotoka chini ya boneti.

Kosa la kawaida si kutumia *mluzi* vibaya, bali kutolitumia kabisa. Wengi hutosheka na *lia*, kitenzi kipana mno: mtoto hulia, simu hulia, jogoo hulia, na gari nalo hulia. Penye fundi karibu, upana huo haudhuru, maana fundi atasikia mwenyewe. Lakini chukua Berega, wilayani Kilosa, nje ya barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, ambako iko hospitali ya Kanisa Anglikana inayopokea wagonjwa wa vijiji vya milimani. Dereva wa huko anayempigia simu fundi aliyeko Dumila au Morogoro mjini hana cha kumwonyesha ila maneno. Akisema tu, "Fundi, gari linalia," huenda fundi akafunga safari na mkanda mpya mkononi, kumbe kilichopasuka ni mpira. Gari litalala pale pale, na anayelisubiri pengine ni mama mwenye uchungu.

Mkanda wa feni na alteneta haupigi mluzi. Hutoa *ukelele*, au kama wasemavyo mafundi, *mkanda unalia*. Ni sauti ya mpira unaoteleza juu ya chuma: husikika zaidi asubuhi injini ikiwa baridi, au taa na kiyoyozi vinapowashwa na alteneta kulemewa. Vumbi la barabara za udongo huzidisha hali hiyo. Jaribio lake ni rahisi: injini ikiwaka, nyunyizia maji kidogo upande wa ndani wa mkanda, ukiweka mbali vidole na ncha za nguo. Ukelele ukikoma kisha ukarudi, huenda puli hazijanyooka. Ukizidi, mkanda umelegea. Usipobadilika hata kidogo, chunguza beringi za puli, ambazo kwa kawaida *huvuma* au *hukwaruza*.

Mluzi wa kweli katika gari la petroli husikika zaidi injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na hufifia ukikanyaga. Sababu ni kwamba mvuto wa hewa ndani ya manifodi huwa mkubwa wakati mlango wa hewa umefungwa. Mara nyingi injini hutetemeka pia, au mzunguko wake hupanda na kushuka. Chukua kipande cha mpira mrefu, weka ncha moja sikioni na nyingine uipitishe polepole kwenye mipira na maungio ya gasketi. Palipo na ufa, sauti itakuja juu ghafla. Mpira uliopasuka hubadilishwa. Kuufunga kwa utepe ni dawa ya kufika nyumbani tu. Wako wanaotafuta ufa kwa kumwagia petroli juu ya injini inayowaka. Hao wanacheza na moto kwa maana halisi ya maneno hayo.

Katika dizeli yenye turbo, mwelekeo hugeuka: mluzi huja gari linapopanda mlima na kubeba mzigo. Mluzi hafifu ni desturi ya turbo. Ukiongezeka ghafla, pamoja na moshi mweusi na nguvu kupungua, tazama mipira na vibanio vyake. Moshi ukiwa wa buluu na oili inapungua, huenda turbo yenyewe imechakaa. Hapa jina la injini nalo lina faida. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ya lita 4.2, haitoki kiwandani na turbo, basi anayemwuzia mwenye gari hilo turbo ili kuondoa mluzi aulizwe ataifunga wapi.

Mlio mmoja wa hewa hauvumilii kusubiri. Ukisikia *msonyo*, yaani sauti ya hewa inayovutwa kama ya mtu anayesonya, karibu na pedali ya breki, na pedali yenyewe imekuwa ngumu, huenda mpira au kiwambo cha kisaidizi cha breki kinavuja. Gari hilo lisiteremshwe mlimani kabla halijatengenezwa.

Upatanisho. *Injini inapiga mluzi. Injini zinapiga miluzi.* Kwa *gari*, maandishi rasmi hupendelea *gari linapiga mluzi*, ingawa *gari inapiga* imeenea katika mazungumzo. *Filimbi* ni jina la chombo. *Injini inapiga filimbi* hueleweka, lakini ni tamathali. *Ubinja* ni sahihi, ila kwa mitambo hutumiwa kwa nadra.

Mfano. "Fundi, inapiga mluzi ikiwa imesimama, nikikanyaga mafuta unapotea, mkanda haulii."