Kutoka Bati hadi Rezini: Tarehe ya Ufundi wa Sanamu za Askari

Sanamu ya kifua ya askari ni kichwa, mabega na kipande cha kifua, basi. Hukaa kwenye kiganja cha mkono. Siku hizi huuzwa ikiwa vipande vya rezini visivyo na rangi, vimefungwa ndani ya kiboksi: kichwa peke yake, kofia peke yake, ukosi, mikanda, pengine mkono mmoja ulioshika bunduki. Anayeinunua ndiye atakayeikata, kuisugua, kuiunga na kuipaka rangi. Haikuwa hivyo tangu zamani. Ufundi huu una zaidi ya miaka mia mbili, na ukiufuata hatua kwa hatua unaona jambo moja likijirudia: kila malighafi mpya ilipoingia, sehemu fulani ya kazi ilitoka karakana na kuhamia mezani kwa mnunuzi. Kazi ilipohama, vigezo vya kuithamini sanamu navyo vilihama.

Biashara yenyewe ilishika mizizi Nürnberg, mji wa wasubu bati huko Ujerumani. Johann Gottfried Hilpert, aliyetoka Coburg, alipata daraja la fundi mkuu Nürnberg mwaka 1760, na katika miaka ya 1770 karakana yake ilikuwa ikisubu askari bapa wa bati, pamoja na sanamu ya Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia. Kalibu zilichongwa katika mawe mawili ya sleti. Mchongaji alichimba umbo kinyume, upande huu na upande ule, kisha mawe yakafungwa pamoja na bati lililoyeyuka likamiminwa kati yake. Mwaka 1839 Ernst Heinrichsen alifungua karakana yake mjini humo, na kipimo chake cha milimita 30 kikafuatwa na wengine. Askari hao waliuzwa kwa uzito, ndani ya visanduku vya mbao nyembamba, wakiwa wameshapakwa rangi na wanawake na watoto majumbani kwa ujira mdogo. Mnunuzi hakuwa na la kufanya ila kuwapanga mstari. Aliyetaka kujua kama mali ni nzuri aliangalia kama mchoro wa jiwe ulitoka safi, basi.

Paris ilishika njia nyingine. Karakana ya Lucotte, na baadaye ile ya Mignot, zilisubu askari wa risasi wenye umbo kamili, wanaotazamika pande zote, wazito na wa bei. Wajerumani nao walitengeneza wa namna hiyo, na kwa miaka mingi maduka ya London yalijaa askari wa kutoka Ujerumani. Mwaka 1893 William Britain mdogo, wa familia ya watengeneza vichezeo jijini London, akalipindua soko hilo. Alimimina mchanganyiko wa risasi na antimoni ndani ya kalibu, akangoja kidogo tabaka la nje ligande, kisha akaigeuza kalibu na kumwaga kilichobaki. Likabaki ganda tu, kama utando wa uji unaoshika ukingo wa sufuria. Madini yakapungua, uzito ukapungua, na bei ikashuka. Seti yake ya kwanza ilikuwa ya Life Guards, kikosi cha wapanda farasi wanaomlinda mfalme, na kimo cha askari wake, milimita 54, ni kipimo ambacho wakusanyaji wanakitumia hadi leo. Rangi bado ilipakwa na wanawake waliolipwa kwa idadi ya vipande, na uso ulitosheka na nukta mbili za macho.

Watu wazima hawakukawia kuvitamani vichezeo vya watoto wao. H. G. Wells alichapisha Little Wars mwaka 1913, kitabu cha kanuni za kuchezea vita sakafuni kwa askari wa aina hii. Mwaka 1935 wakusanyaji wa Uingereza waliunda chama chao, British Model Soldier Society, na Marekani ikafuata kwa chama cha MFCA mwaka 1941. Hapo ndipo maswali yalipobadilika. Mtoto huuliza kama askari anasimama bila kuanguka. Mwanachama wa chama aliuliza kama vifungo vya koti vya kikosi fulani cha mwaka 1815 vilikuwa sita au saba, na kama ukosi ulikuwa wa buluu au mwekundu. Kuanzia miaka ya 1950 wachongaji kama Charles Stadden wa Uingereza wakawa wanawatengenezea watu wa namna hiyo sanamu za madini meupe, nyingine zikiuzwa bila rangi. Huko Ufaransa, kampuni ya Historex ilitoa askari wa enzi ya Napoleon wa plastiki, wenye vipande vidogo vidogo vya kuunga kimoja kimoja. Sheria za usalama wa vichezeo zikaibana risasi, na mwaka 1966 Britains wakaacha kuisubu. Mpaka hapo brashi ilikuwa imeshatoka kiwandani. Mwenye kulipa ndiye aliyekuwa mpaka rangi.

Rezini iliingia kwa mlango wa kemia. Otto Bayer na wenzake walitengeneza poliurethani huko Leverkusen mwaka 1937, na baadaye ukapatikana mpira wa silikoni unaoganda bila moto. Vitu hivi viwili vilipokutana, tanuri halikuhitajika tena. Mchongaji huchonga sanamu ya asili kwa udongo wa epoksi, huimiminia silikoni mpaka ifunikwe, silikoni ikiganda huipasua na kuitoa sanamu, na kalibu ikawa tayari. Kisha huchanganya maji mawili ya rezini, huyamimina, na baada ya dakika chache kipande kimeshakuwa kigumu. Kwa kuwa silikoni hunyumbuka, inaweza kutoa mikunjo mirefu ya nguo na masikio yaliyochongwa mpaka ndani, vitu ambavyo kalibu ya chuma ingevivunja. Mtu mwenye mizani na pampu ya kuvuta hewa aliweza kufungua karakana ndani ya gereji yake. Katika miaka ya 1980 François Verlinden, Mbelgiji wa mji wa Lier, alikuwa mmoja wa walioieneza malighafi hii duniani.

Sanamu ya kifua ilipata nafasi yake hapo. Kwa madini, kitu cha ukubwa huo ni kizito na ghali. Kwa rezini ni chepesi, na kipimo cha 1/10 kinampa mpaka rangi uso wa kufanyia kazi. Young Miniatures ya Korea Kusini ilijijengea jina kwa sanamu za kipimo hicho, huku Pegaso ya Siena na Andrea ya Hispania zikijulikana kwa sanamu za mwili mzima na za kifua pia. Lakini kalibu ya silikoni haidumu: hutoa makumi ya nakala, kisha huanza kuchanika. Na uungaji, ambao zamani ulifanywa karakana kwa chuma cha kulehemu, sasa ni wa mnunuzi.

Tuingie mezani kwake. Vipande vikitoka kwenye boksi huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu, kwa sababu mafuta ya kalibu yaliyobaki juu yake hukataa rangi. Chini ya kifua hubaki kisiki, pale rezini ilipomiminwa, ambacho hukatwa kwa msumeno mwembamba na kusuguliwa kwa msasa uliolowanishwa. Vumbi la rezini ni baya kwa mapafu, kwa hiyo msasa haufanyi kazi mkavu na pua haikai wazi. Hufuata mshono wa kalibu, ule mstari mwembamba unaopita nyuma ya sikio na kushuka shingoni, ambao hukwanguliwa kwa ncha ya kisu. Matundu ya viputo huzibwa kwa puti. Gundi ya plastiki haishiki hapa, kwa sababu huyeyusha polistireni na kuiacha rezini ilivyo, hivyo hutumika supaglu. Penye uzito, kama mkono ulioshika bunduki, fundi hutoboa pande zote mbili kwa kekee ndogo na kupitisha kipande cha waya kabla ya kuunganisha. Kofia hujaribishwa kichwani mara nyingi ikiwa kavu, maana uwazi wa unene wa karatasi chini ya ukingo wa kofia unaonekana kwa mbali, na rangi haiufichi.

Baada ya praima ndipo uso unapoanza. Jicho la mtu lina upana wa milimita 24 hivi, na duara la rangi katikati yake ni milimita 12. Kwa kipimo cha 1/10 duara hilo ni milimita 1.2, na ndani yake lazima iingie mboni, na juu ya mboni nukta ya mwanga. Jicho likipakwa jeupe pepepe, askari hutoka kama aliyeshtushwa. Wapakaji wazoefu hutumia rangi ya kijivu-waridi, kisha huteremsha kope la juu mpaka lifunike ncha ya duara. Wengi huanza na akriliki, kwa kuwa inakauka upesi, na kumalizia na rangi za mafuta, ambazo huchukua muda mrefu kukauka na kuruhusu kivuli kififie taratibu kuelekea shavuni.

Ufundi ulipokuwa wa mezani, ukahitaji uwanja wa kushindania. Folkestone, mji wa pwani kusini-mashariki mwa Uingereza, ulikuwa kwa miaka mingi mwenyeji wa maonyesho ya Euro Militaire, na karakana za Ulaya zilikuwa zikizindulia humo kazi zao mpya. Chicago ilitoa mchango wa namna nyingine. Huko, pamoja na watu kama Shep Paine, aliyefariki mwaka 2015, ulistawi mtindo wa kuhukumu ambao haushindanishi sanamu na sanamu. Kila kazi hupimwa dhidi ya kiwango: ikifikia dhahabu hupewa dhahabu, hata kama kumi nyingine zimeshaipata. Mtindo huo umewalazimisha waamuzi kusema wazi wanatafuta nini.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna la kusema katika hukumu hiyo, kwa sababu askari wetu nao huchongwa. Dar es Salaam ina kipimo chake mtaani: Sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927, kazi ya shaba ya James Alexander Stevenson, singe yake ikielekea bandarini. Tuchukue sanamu ya kifua ya askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Swali la kwanza ni mwaka. Akiwa wa vita vya Uhabeshi vya 1941, nguo zake ni kaki. Akiwa wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita Bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, nguo ni za kijani cha msituni, kofia ni ile pana ya kitambaa kigumu, na alama ya divisheni ni kichwa cha kifaru. Kaki na kifaru wa Burma juu ya mwili mmoja ni kosa, hata rangi iwe imepakwa vizuri namna gani.

Swali la pili ni uso. Kuna sanamu zinazouzwa kuwa za askari wa Kiafrika ilhali zimechongwa kwa fuvu la Mzungu, zikaachiwa rangi ya kahawia iseme kilichobaki. Mtu aliyekua kati ya Wanyamwezi, Wakamba au Wayao huliona jambo hilo kabla hajasogea karibu. Rangi nayo ina mtego wake. Mwenye mazoea ya kupaka uso mweupe hung'arisha kwa kuongeza nyeupe, na akifanya hivyo kwenye ngozi nyeusi anapata ngozi iliyopauka, kama ya mtu aliyekosa mafuta ya kujipaka. Ngozi nyeusi hung'aa kwa mwanga unaoakisiwa: katika paji la uso na mfupa wa shavu weka chungwa au rangi ya mchanga, kwenye kivuli weka nyekundu iliyokolea au zambarau, na mng'ao wenyewe uwe mdogo na mkali. Mwamuzi asiyelijua hili huweza kuipa medali sanamu ambayo mjukuu wa askari huyo asingeitambua.

Hatua ya mwisho mpaka sasa ilianza kwa hati ya Chuck Hull wa Marekani, aliyesajili mwaka 1986 njia ya kugandisha rezini kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1999 ikaonyeshwa programu ya kuchongea ya ZBrush, na baadaye wachongaji wengi wakaacha udongo wakashika kalamu ya kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 2010 printa za rezini zikawa za bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Leo karakana nyingine haziuzi rezini kabisa. Zinauza faili, na mnunuzi huichapa kwake, huiosha, huigandisha kwa mwanga, na hujilinda kwa glavu, kwa kuwa rezini mbichi hudhuru ngozi.

Mkaguzi naye amepata ya kuangalia mapya. Sanamu iliyomiminwa hukaguliwa viputo, mshono, na ukali wa kingo: vifungo vilivyolala na unywele ulioyeyuka ni dalili ya kalibu iliyochoka, au ya nakala ya wizi iliyotolewa kwenye nakala nyingine, ambayo mara nyingi huwa ndogo kidogo kuliko ya asili kwa sababu rezini husinyaa. Iliyochapwa hukaguliwa mistari ya tabaka shavuni na makovu ya nguzo zilizoishikilia wakati wa kuchapwa.

Basi kupaka, kuunga na sasa hata kutoa nakala vyote vimetua kwa mnunuzi. Kilichobaki kwa muuzaji ni vitu viwili: sura ya mtu na ukweli wa mavazi yake. Vitu hivyo mnunuzi hawezi kuvirekebisha kwa msasa wala kwa brashi, na hivyo ndivyo vinavyostahili pesa yake. Vifungo vikikosea na uso ukawa wa mtu mwingine, ubora wa rezini haumsaidii kitu.