Ovaroli na haja: historia ya mavazi magumu kuvua Kiambere

Ovaroli ya kipande kimoja huvuliwa kuanzia mabegani. Mwanamume aliyebanwa na haja ndogo anaweza kufungua zipu ya mbele kiasi na mambo yakaisha. Aliyebanwa na haja kubwa, au mwanamke aliyebanwa na haja yoyote ile, hana njia ya mkato. Hufungua zipu tangu shingoni, hutoa mikono yote miwili, huishusha nguo nzima hadi magotini, kisha huchutama huku ameikumbatia isiguse chini. Katika choo cha shimo chenye sakafu ya majimaji, mikono ya ovaroli ndiyo hutangulia kulowa. Mafundi wazoefu huivuta mbele na kuibana kati ya tumbo na mapaja. Kabla ya hapo huwa wameshatoa simu, kalamu na bisibisi mifukoni, kwa sababu kitu kikidondoka shimoni hakirudi.

Kiambere, katika Mbeere Kusini, Kaunti ya Embu, ni mahali ambapo historia ya shida hii inaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Katika muda wa karne moja hivi, watu wa ukanda huu mkavu wa Mto Tana walitoka kwenye ngozi ya mbuzi wakafika kwenye sare za kiwandani, na kila hatua ilibadilisha namna ya kwenda haja.

Mavazi ya zamani ya Wambeere, kama ya jirani zao Waembu, Watharaka na Wameru, yalikuwa ya ngozi iliyolainishwa. Wanawake walivaa sketi ya ngozi na kujitanda nyingine begani. Wanaume walijifunika ngozi iliyofungwa kwenye bega moja, ikining'inia wazi ubavuni. Hakuna vazi lolote kati ya hayo lililoshonwa katikati ya miguu, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kwa habari hii. Mtu alikwenda vichakani, akachutama, vazi likamfunika pande zote, akainuka. Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni hakulazimika hata kumshusha. Ni kosa kuyahesabu mavazi hayo kuwa ya watu waliokosa kitu bora, kwani kwa joto la Kiambere na kwa mahitaji ya mwili yalitosheleza kuliko mengi yaliyofuata.

Kitambaa kilikuja kwa biashara. Amerikani, pamba nzito isiyotiwa rangi iliyofumwa katika viwanda vya Marekani, ilikuwa ikishushwa Zanzibar tangu miaka ya 1830, na pamoja na kaniki ya Kihindi ilipanda bara kwa misafara ya wafanyabiashara wa pwani na Wakamba. Shuka za vitambaa hivyo hazikuleta usumbufu wowote, kwa kuwa zilivaliwa kwa kufungwa na kujitanda kama ngozi zilivyovaliwa.

Mabadiliko yenyewe yalitokana na suruali. Serikali ya kikoloni ilifungua kituo Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908. Misheni ya Kianglikana ya CMS ilianza kazi Kigari, karibu na Embu, mwaka 1910, na ile ya Kiskoti ikaanza Chogoria mwaka 1922. Askari, karani na mwanafunzi walivikwa kaptura yenye mkanda na vifungo. Kwa mara ya kwanza mtu wa eneo hili alivaa nguo iliyoshonwa katikati ya miguu, ambayo lazima ifunguliwe na kushushwa kabla ya haja. Wakati huohuo maafisa wa afya, wakipambana na minyoo ya safura katika miaka ya 1920, walihimiza uchimbaji wa vyoo vya shimo. Kichaka ni kipana na mtu huchagua mahali pakavu. Choo cha shimo ni chumba kidogo, chenye giza, kisicho na msumari wa kuning'inizia chochote. Nguo ngumu na chumba chembamba viliingia vijijini kwa pamoja, na tangu hapo havijaachana.

Ovaroli ina chimbuko lake mbali na Afrika. Katika zama za injini za mvuke, wafanyakazi waliingia ndani ya matangi ya kuchemshia maji kuyasafisha, na masizi yalipenya kila mahali koti linapokutana na suruali. Dawa ikawa kuliondoa pengo hilo kwa kuunganisha koti na suruali zikawa nguo moja. Shida yote iko hapo. Kilichozuia masizi ndicho kilichomnyima mvaaji njia ya haraka ya kujisaidia, na kila vazi la kinga lililobuniwa baadaye limerithi tatizo hilo. Utatuzi mmoja ulikuwa umeshajulikana: nguo ya ndani ya kipande kimoja iliyopewa hataza Marekani mwaka 1868 ilikuja kushonewa kipande cha nyuma chenye vifungo, kinachoshushwa peke yake bila kuvua nguo nzima. Waliotengeneza ovaroli za kazi hawakuifuata hekima hiyo. Walishona nguo ya mwanamume anayesimama, nayo ndiyo iliyosambazwa kwenye karakana za dunia, Kenya ikiwemo. Zipu, iliyokamilishwa na Gideon Sundback mwaka 1913, ilirahisisha kufungua kwa mbele lakini haikugusa tatizo la nyuma.

Kiambere ilizipokea ovaroli kwa wingi wakati wa ujenzi wa bwawa lake la umeme. Mabwawa ya Mto Tana yalijengwa moja baada ya jingine: Kindaruma ilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, zikafuata Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978 na Masinga mwaka 1981. Kiambere, iliyojengwa chini ya mamlaka ya maendeleo ya mito ya Tana na Athi, TARDA, ilikamilika mwaka 1988 ikiwa na uwezo wa megawati 144, na mwaka 2009 mitambo yake miwili ikaongezewa nguvu hadi megawati 168. Maelfu ya watu walihamishwa kupisha maji. Vijana wengi wa eneo hilo walivaa ovaroli, helmeti na mabuti mazito kwa mara ya kwanza katika ujenzi wa aina hii.

Kwa wanaofanya kazi juu, kuna tabaka la pili. Mkanda wa usalama wa mwili mzima hupita mabegani, kifuani na kuzunguka kila paja, na huvaliwa juu ya ovaroli. Anayekagua lango la maji akibanwa na haja lazima kwanza ateremke, afungue mkanda, avue ovaroli, kisha baadaye avae vyote upya na mkanda ukaguliwe tena. Shughuli ya dakika mbili inakula robo saa au zaidi, na kazi ya wenzake husimama ikimngoja.

Ndipo watu hupunguza maji ya kunywa, na hapa suala huacha kuwa la usumbufu tu. Kibofu cha mtu mzima huanza kutoa taarifa kikiwa na mililita 200 hivi na kwa kawaida hubeba 400 hadi 500. Asiyekunywa hupata nafuu ya choo, lakini Kiambere ni nchi ya jua kali, na ndani ya nguo nzito mwili hupoteza maji mengi kwa jasho. Matokeo yake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, mkojo wa rangi ya chai na hatari ya mawe ya figo. Kubana mkojo mara kwa mara huongeza uwezekano wa maambukizi ya njia ya mkojo, na wanawake ndio huumia zaidi kwa sababu njia yao ni fupi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na vyoo vya kutosha, vya wanaume mbali na vya wanawake, na atoe mavazi ya kinga. Choo kinaweza kuwapo hatua kumi tu na bado kikawa mbali, ikiwa nguo yenyewe haifunguki.

Wanawake walipozidi kuingia katika kazi za uhandisi na umeme, walipewa ovaroli zilezile. Hili si la Kenya peke yake. Uchunguzi uliotolewa na muungano wa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza mwaka 2017 ulionyesha kuwa chini ya theluthi ya wanawake waliohojiwa walikuwa wakivaa vifaa vya kinga vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanawake. Siku za hedhi mzigo huongezeka mara dufu, kwani kubadilisha sodo ndani ya choo chembamba kunahitaji mikono miwili, na mikono yote miwili tayari imeshika nguo. Penye vichaka na pasipo choo, kama kwenye njia za nyaya, leso ndiyo stara ya mwanamke: huizungusha kiunoni kabla ya kuishusha ovaroli. Siku hizi kuna ovaroli za kike zenye zipu ya nyuma inayozunguka chini ya kiuno, lakini ni ghali na hazijaenea. Kilichoenea zaidi ni kurudi kwenye vipande viwili, koti fupi na suruali. Fundi yeyote wa cherehani anaweza kuvishona.

Penye hatari kubwa zaidi, vipande viwili haviwezekani. Katika mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200, wahudumu walivaa mavazi yaliyofunika mwili mzima. Hakuna aliyeweza kutoka kwenda haja kisha akarudi na mavazi yaleyale, kwani kuyavua ndiyo hatua ya hatari kuliko zote. Walikwenda msalani kabla ya kuvaa, na joto likawalazimu kutoka baada ya saa moja hivi. Mwanaanga wa Marekani Alan Shepard hakuwa na mpango wa aina hiyo. Tarehe 5 Mei 1961 alikaa zaidi ya saa nne akiwa amefungwa ndani ya chombo, akingoja safari iliyopangwa kudumu dakika 15 tu. Mwishowe aliruhusiwa kujikojolea ndani ya vazi lake, baada ya umeme wa vipimo vya mwilini kuzimwa.

Kiambere kwenyewe kuna vazi jingine lenye sharti kama la wahudumu wa Ebola, nalo ni la mrina asali. Mbeere ni nchi ya migunga na nyuki tangu zamani, na mizinga ya magogo huning'inizwa juu ya miti. Warina asali wa kale walipanda usiku na moshi, wakiwa na nguo chache mwilini. Katika miaka ya 1970 ulibuniwa nchini mzinga wa vipande vya mbao juu yake, unaotundikwa chini kwa nyaya, na wanawake wakaweza kuuhudumia bila kupanda mti. Pamoja nao likaja vazi jeupe la kipande kimoja lenye wavu wa uso ulioshonwa kwa zipu kolani, mpira kwenye vifundo vya mikono na miguu, glavu ndefu na gambuti.

Vazi hili halivuliwi karibu na mizinga kwa vyovyote. Nyuki wa hapa ni wakali, na wanapouma huacha harufu inayowaita wenzao. Harufu hiyo hubaki kwenye kitambaa, na aliyeumwa kwenye vazi mara kumi anatembea na mwito mwilini. Glavu nazo huwa zimenata asali na gundi ya nyuki, hazishiki kishikio cha zipu. Aliyebanwa katikati ya urinaji hujipuliza moshi, huondoka mita mia kadhaa kupitia vichakani ili nyuki wamwache, husubiri hadi hakuna anayezunguka wavu, na hapo tu huvua glavu. Suti za vipande viwili zipo pia, ila nyuki hutambaa kuelekea juu na hupenya pengo lolote la kiunoni, kwa hiyo warina asali wengi huendelea na kipande kimoja na hujisaidia kabla ya kuwasha moshi.